Filta Inayoziba Haina Kosa

Katika gereji za Nakuru, kuanzia Lanet hadi Shabab na kuendelea mpaka Salgaa wanakopumzika madereva wa matrela, kuna hukumu moja kuhusu filta ya dizeli ambayo karibu kila mtu anaikubali: filta nzuri ni ile isiyoziba. Dereva wa pikapu anayeteremsha viazi kutoka Molo atakueleza kwamba filta aliyouziwa kwa bei ya juu ilimkata nguvu mlimani kabla ya miezi mitatu kwisha, ilhali ile ya bei nafuu aliyoifunga baadaye inaelekea mwaka na gari bado linavuta. Fundi ataitikia kwa kichwa. Muuza spea naye hatabisha, maana ile ya bei nafuu ndiyo inayotoka haraka dukani. Basi ile iliyoziba inaitwa feki, iliyonyamaza inaitwa imara, na habari inapita kutoka gereji hadi gereji.

Mimi naona hukumu hiyo imesoma ushahidi kichwa chini.

Kazi ya filta ni kukamata, na kinachokamatwa hakina pa kwenda. Kinabaki kwenye karatasi. Filta inayofanya kazi kwenye dizeli yenye uchafu lazima ifike siku ijae. Tena hapa filta ya dizeli haifanani na ya oili. Filta ya oili huwa na vali ndogo inayofunguka karatasi ikijaa, oili ipite pembeni bila kuchujwa, kwa sababu injini kukosa oili kabisa ni balaa kubwa kuliko kupata oili chafu. Filta nyingi za dizeli hazina mlango huo wa uani. Waliozibuni waliamua kwamba ni heri injini ikose mafuta, ikohoe na hata izime, kuliko uchafu ufike kwenye pampu na injekta. Kwa hiyo pikapu inayopoteza nguvu polepole kwa sababu ya filta ni pikapu ambayo filta yake imetekeleza ilichoagizwa.

Sasa chukua filta ambayo karatasi yake imechanika ndani ya mkebe, au ambayo gundi ya mwisho wa mikunjo imeachia. Dizeli inapita tele. Mlima wa kwenda Mau Summit unapandwa kwa gia ileile ya siku zote. Hakuna taa kwenye dashibodi inayohesabu mchanga unaopita, na dereva hana njia ya kuuhisi kwenye pedali. Kuisifu filta hiyo ni sawa na kumsifu mlinzi wa lango ambaye tangu aajiriwe hajawahi kumsimamisha mtu yeyote.

Uchafu wenyewe ni mdogo kuliko tunavyodhani. Unywele wa mtu una unene wa maikroni kama 70. Jicho lisilosaidiwa huanza kushindwa chembe ikishuka chini ya maikroni 40 hivi. Nafasi iliyopo kati ya plunja na nyumba yake ndani ya pampu ya dizeli ni maikroni chache mno, mbili au tatu. Ina maana kwamba chembe inayoweza kuingia humo na kukwaruza haionekani kwa jicho hata kidogo. Yule jamaa anayejaza dizeli kwenye chupa ya maji, anaiinua juani na kutangaza kwamba ni safi, ameonyesha tu kwamba haina mawe.

Injini za zamani zilistahimili mengi. Hilux yenye injini ya 3L au Land Cruiser yenye 1HZ, zile zisizo na kompyuta, nozo zake hufunguka kwa shinikizo la bar mia moja na kitu, na zikianza kuchoka zinatoa moshi na kugonga kwa muda mrefu kabla ya kukulaza njiani. Pikapu za kommon-reli, ambazo injekta zake huongozwa na kompyuta, iwe Hilux ya D-4D au D-Max ya lita tatu, hufikia bar 1,600 hivi na kupanda, nyingine zinapita 2,000. Kwa shinikizo hilo, chembe ikikwaruza kiti cha vali ya injekta, ule mkwaruzo wenyewe unakuwa njia ya kuvuja, na dizeli inayovuja kwa kasi hiyo inaendelea kuukata chuma. Filta ya injini hizi hutakiwa kukamata sehemu kubwa ya chembe za maikroni tano hivi. Ya injini za zamani iliruhusiwa kuwa na matundu makubwa zaidi. Mtu aliyezoea kuhudumia 3L akihamia D-4D na mazoea yaleyale, gari jipya ndilo litakalolipa.

Kwa nini basi hukumu ya filta isiyoziba imedumu? Nadhani ni kwa sababu ya ukawiaji. Filta mbovu haitozi gharama siku inapofungwa, wala mwezi unaofuata. Injekta zinachakaa kimyakimya, gari linaanza kuwaka kwa shida asubuhi, linanguruma bila mpangilio likiwa limesimama, na hadi hapo filta imeshabadilishwa mara mbili na hakuna anayeikumbuka. Isitoshe, anayefunga filta na anayepima pampu ni watu wawili tofauti. Makanika wa servisi anafanya kazi yake chini ya mti au kwenye kibanda cha mabati. Fundi wa pampu na nozo ana benchi yake ya kupimia mahali pengine mjini, na gari humfikia likiwa limeshaharibika. Wa kwanza anaona filta bila kuona injekta. Wa pili anaona injekta bila kuiona filta. Mwenye gari ndiye peke yake anayeweza kuunganisha habari hizo mbili, na kwa kawaida yeye anafikiria bei.

Lazima nikubali jambo moja kwa upande wa pili. Kuziba mapema si cheti cha ubora. Filta mbili zinaweza kulingana kwa nje, mkebe ule ule, uzi ule ule, lakini ndani moja ikawa na karatasi ndefu iliyokunjwa mikunjo mingi iliyobanana, na nyingine ikawa na mikunjo michache iliyoachana. Ile yenye karatasi fupi itajaa upesi hata kama inakamata vizuri. Kwa hiyo dereva wa Molo anaweza kuwa sahihi kwamba filta yake ilikuwa duni. Ila kuziba peke yake hakumpi haki ya kusema hivyo, kama vile kutoziba hakumpi haki ya kuisifu ile nyingine. Kuna njia moja tu ya kujua, nayo haigharimu chochote: ipasue.

Filta kuukuu ikishatolewa, imwagwe dizeli iliyobaki, kisha ikatwe kwa kikata-mikebe kikubwa, na karatasi ivutwe nje itandazwe juu ya gazeti. Weusi laini uliosambaa sawasawa kwenye mikunjo yote usikutishe. Dizeli inayozungushwa moto kati ya injini na tangi hutengeneza masizi yake. Punje za kahawia za kutu zinaelekeza kwenye tangi lako au dramu unakochotea. Mchanga na vumbi la kijivu, lile linalopanda magurudumu yakigusa barabara za Solai na Rongai kati ya Januari na Machi, linaelekeza kwenye kifuniko cha tangi, au kwenye mtungi na faneli iliyokaa wazi nyuma ya pikapu. Ute mweusi unaonata kama kamasi ni dalili ya vijidudu vinavyoishi pale maji na dizeli vinapokutana, na hapo tatizo si filta tena, ni tangi zima. Ukiona vimeremeto vya chuma, nenda kwa fundi wa pampu siku hiyo hiyo. Na ukikuta mikunjo ya upande mmoja imelala au imeachana, au gundi ya mwishoni imefunguka, umeipata feki yako, hata kama gari lilikuwa likivuta kama fahali.

Wengi wetu tunapita Kariandusi, karibu na Gilgil, bila kugeuza shingo. Ile ardhi nyeupe inayochimbwa pale ni diatomaiti, mabaki ya maganda ya viumbe vidogo vya majini vilivyoishi katika ziwa la kale. Sehemu kubwa ya matumizi yake duniani ni kuchuja vinywaji, mafuta ya kupikia na maji, kwa kuwa maganda hayo yana vitundu visivyohesabika. Sijui kama kuna bonde jingine ambalo ardhi yake yenyewe ni filta na watu wake wanagombana namna hii juu ya filta.

Turudi kwa dizeli. Filta ikiziba, lawama ya pili baada ya "feki" huangukia kituo cha mafuta: wamechanganya na mafuta ya taa. Uchanganyaji ulikuwepo, na si wa kubuni. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo kuliko dizeli, na pengo hilo la bei lilikuwa mwaliko wa wazi kwa matapeli. Ndiyo sababu Sheria ya Fedha ya mwaka 2018 iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, hasa kuua faida ya kuchanganya, na tangu hapo hesabu ya tapeli imekuwa ngumu. Aliyeumia pia ni mama wa kijijini mwenye stovu na koroboi, lakini hiyo ni makala nyingine.

Jambo linalosahaulika ni hili: mafuta ya taa hayazibi filta. Yanachanganyika na dizeli kabisa, ni mepesi kuliko dizeli, na yanapenya karatasi bila kuacha alama. Ubaya wake uko mbele zaidi, ndani ya pampu, ambako dizeli yenyewe ndiyo kilainishi. Ukiipunguzia uwezo wa kulainisha, chuma kinasuguana na chuma. Hakuna filta, ya boksi jekundu, ya buluu wala ya dhahabu, inayoweza kuyatenga. Kwa hiyo anayesema "filta imeziba, lazima dizeli ilikuwa na mafuta ya taa" amekosea, na anayesema "nimefunga jenuini, sasa naweza kujaza popote" amekosea zaidi. Filta haitoi ushahidi wowote katika kesi ya uchanganyaji. Kesi hiyo ipelekwe EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, na maabara, pamoja na risiti.

Dizeli ya Nakuru haifiki hapa ikiwa tope. Bomba la Kenya Pipeline lililofika Nairobi kutoka Mombasa mwaka 1978 liliongezwa hadi Nakuru, Eldoret na Kisumu mwaka 1994, na mafuta hupimwa kabla ya kutoka ghalani. Safari ya hatari inaanzia pale: lori, tangi la chini ya ardhi la kituo, halafu sisi wenyewe. Nasema sisi wenyewe kwa makusudi. Bei mpya za EPRA hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi, na minong'ono ikisema zitapanda, wenye mashamba wa Njoro na Elburgon hujaza mitungi na madramu. Dramu lile lile la trekta, lililojazwa wakati wa kupanda mwezi Machi, litakuwa limesimama uani mvua zote na jua lote, na pikapu ndiyo itakayolimaliza mwezi wa Oktoba. Mtungi wa lita 20 uliowahi kubeba maji ya kunyweshea ng'ombe unasuuzwa kidogo, unatiwa dizeli. Kifuniko cha tangi la pikapu kilipotea mwaka juzi, pamefungwa mfuko wa plastiki na mpira. Kisha gari linapelekwa kuoshwa kwa mashine ya maji ya shinikizo.

Maji ndiyo adui wa kwanza, mbele ya mchanga. Yakifika kwenye pampu hayalainishi; yakifika kwenye ncha ya injekta iliyo moto yanageuka mvuke ghafla na kung'oa chuma; yakikaa usiku kucha yanatengeneza kutu mahali pasipovumilia kutu ya unene wowote. Na hapa kuna imani nyingine ninayoshindwa kuimeza, ingawa ni ya watu waangalifu: kwamba maji haya hutokana na unyevu wa hewa iliyo ndani ya tangi, hivyo dawa ni kulala na tangi limejaa, hasa kwenye baridi ya Molo. Tupige hesabu. Tangi la lita 80 likiwa nusu lina lita 40 za hewa. Hewa iliyoshiba unyevu kabisa kwa nyuzi 20 hubeba gramu 17 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo; ikipoa hadi nyuzi 8 hubeba gramu 8 na kidogo. Kwa lita 40, tofauti hiyo haifiki nusu gramu. Ni matone saba au nane, usiku ambao kila kitu kimekwenda kombo, na kesho yake hewa nyingine mpya isipoingia hakuna matone mengine. Anayekamua nusu kikombe cha maji chini ya filta yake hakukipata hewani. Kimeingia kwa mlango: kifuniko, mtungi, dramu, au tangi la kituo kilichopokea mafuta siku ya mvua kubwa. Kulala na tangi limejaa hakudhuru, lakini kunamfanya mtu aamini ameziba tundu ambalo bado liko wazi.

Kuyatoa maji ni kazi ambayo mtu hahitaji fundi. Kwenye pikapu nyingi, chini ya nyumba ya filta kuna kizibo cha plastiki cha kufungulia, na juu yake kuna pampu ndogo ya kubonyeza kwa mkono. Gari likiwa limelala usiku kucha, maji yakiwa yametulia chini kwa kuwa ni mazito kuliko dizeli, unaweka chupa iliyokatwa, unalegeza kizibo mzunguko mmoja au zaidi kidogo, unabonyeza pampu mpaka itoke dizeli tupu, unakaza kwa vidole, si kwa koleo. Land Cruiser za 1HZ zina chombo chao cha kutenga maji mbali na filta, nacho husahaulika kwa sababu kiko chini na kimejaa matope. Anayechota kwenye madramu afanye hivi kila wiki. Anayejaza kituoni tu, mara moja kwa mwezi inamtosha, na katika mvua za Machi hadi Mei aongeze.

Taa ya maji kwenye dashibodi ipo kwa ajili ya wanaosahau. Nimeona pikapu ambazo waya wa sensa yake umekatwa kwa sababu taa "ilikuwa inasumbua".

Nimesema kuhusu nguvu mlimani, na hapo filta inasingiziwa kwa namna ya pekee katika eneo letu. Nakuru mjini tuko mita 1,850 hivi juu ya bahari. Ukipanda kupitia Mau Summit hadi Timboroa unavuka mita 2,700, na hewa ya pale ni pungufu kwa takriban robo ukilinganisha na ya Mombasa. Injini ya zamani isiyo na tabo inavuta pumzi pungufu kwa kiasi hicho hicho, huku pampu yake ikiendelea kumwaga dizeli kama iko pwani, Likoni. Matokeo yake ni moshi mweusi na uvivu. Fundi anabadilisha filta, dereva anarudi Nakuru akiwa anateremka, gari linakimbia, wote wawili wanaridhika kwamba ilikuwa filta. Tofauti inaonekana kwa kutazama moshi. Injini inayokosa hewa hutoa moshi mweusi mwingi. Injini inayokosa dizeli kwa filta iliyojaa hulegea bila moshi wa kuzungumzia, hurudisha nguvu ukipunguza mwendo, kisha hulegea tena ukikanyaga.

Kuhusu kununua, nitakuwa mfupi kuliko wauza spea wanavyopenda. Kampuni za magari kwa kawaida hazitengenezi filta zao; hununua kwa watengenezaji wachache wakubwa na kuzitia kwenye maboksi yao. Denso, Bosch, Mann, Mahle, Donaldson, Fleetguard na Sakura ni baadhi ya majina ambayo mtu wa Nakuru atayakuta kwenye rafu, na filta ya mmoja wao iliyokusudiwa injini yako haina sababu ya kuona haya mbele ya ile yenye nembo ya gari. Kwa upande mwingine, boksi la nembo ya gari ndilo linalonakiliwa zaidi, kwa sababu ndilo lenye bei. Tangu Sheria ya Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008 kuna mamlaka ya kukimbizana na waghushi, lakini haitasimama nawe dukani. Nunua kwa mtu anayekupa risiti yenye jina lake na ambaye utamkuta pale pale ukirudi na filta iliyopasuliwa. Huo ndio ukaguzi anaouogopa.

La muhimu kuliko jina ni namba. Filta "inayoingia" si lazima iwe inayofaa. Hilux za kuanzia mwaka 2005 hutumia karatasi peke yake inayokaa ndani ya nyumba ya plastiki. Za kabla yake hutumia mkebe wa kuzungusha, na mikebe ya namna hiyo ina uzi unaolingana kwa injini nyingi za Kijapani. Mkebe uliokusudiwa trekta au injini ya miaka ya themanini unaweza kukaza vizuri kabisa kwenye gari linalohitaji uchujaji mkali mara kadhaa zaidi. Taja injini, si jina la gari tu, na mwache muuzaji afungue katalogi badala ya kukumbuka kwa kichwa.

Wapo wanaokwepa mzozo wote huu kwa kubadilisha filta kila servisi, kila kilomita 5,000, wakiamini kwamba mpya daima ni bora kuliko iliyotumika. Hata hili lina kasoro. Karatasi mpya kabisa huachia chembe nyingi zaidi kuliko karatasi iliyofanya kazi kwa muda, kwa sababu uchafu wa kwanza kukamatwa hupunguza upana wa matundu na kusaidia kukamata unaofuata. Ubora wa uchujaji unapanda kadiri filta inavyozeeka, mpaka ule ujazo unapoanza kuinyima injini mafuta. Uwezo wa kutenga maji, kinyume chake, unashuka kwa muda. Ndiyo maana vitabu vingi vya pikapu hutaja kilomita 20,000 au zaidi, kisha hupunguza kwa mazingira ya vumbi na mafuta yasiyoaminika. Kilomita zenyewe ni kipimo cha kukisia: pikapu inayopanda na viazi kwa gia ya pili kutoka Olenguruone inaunguza dizeli nyingi kuliko inayokimbia tupu kwenda Naivasha, na filta huhesabu lita, haihesabu barabara.

Kisha kuna mikono. Kila ukifungua mfumo wa dizeli unaingiza kitu, na hatari hiyo hujirudia kila unapobadilisha. Nimetazama filta nzuri ikifungwa kwa kitambaa kilichopangusa ekseli. Nimetazama fundi akiijaza filta mpya dizeli kutoka kwenye chupa ya soda ili gari liwake haraka, akiimimina kupitia tundu kubwa la katikati. Tundu la katikati ni upande uliokwisha kuchujwa. Kila kilichokuwa ndani ya chupa ile kinaenda moja kwa moja kwenye pampu, bila kizuizi, na mwenye gari amelipia filta ili aikwepe. Kwenye kommon-reli filta ifungwe kavu, ijazwe kwa kubonyeza pampu ya mkono hadi iwe ngumu, hata kama inachukua dakika kumi na bega linauma. Raba ya zamani itolewe, maana wakati mwingine hubaki imeng'ang'ania juu na mpya ikafungwa juu yake. Kwa kuwa kwenye pikapu nyingi pampu inavuta dizeli kupitia filta, raba mbili hazitavujisha dizeli nje bali zitaingiza hewa ndani, na asubuhi gari litawaka kwa kubembelezwa. Na kupuliza filta ya dizeli kwa kompresa ili irudi kazini, jambo ambalo bado linafanywa, ni kuichana karatasi kwa nguvu za umeme. Baada ya hapo haitaziba tena, ni kweli.

Wanaotaka usalama zaidi huongeza filta ya pili. Nawaunga mkono ikiwa ni ya kutenga maji, yenye matundu makubwa kidogo, bakuli la kuonea chini, na imefungwa kabla ya filta ya gari. Kuunga filta nyembamba ya pili kwenye mpira huo huo ni kuizidishia pampu kazi ya kuvuta, na kule Timboroa hewa inayosukuma dizeli kutoka tangini imeshapungua nguvu, kwa hiyo gari lililokuwa sawa mjini litaanza kukata juu mlimani. Anayesafiri huko usiku na mzigo, iwe kwenda Eldoret au kurudi, abebe filta moja ya akiba ndani ya boksi lake lisilofunguliwa, spana ya filta, kitambaa safi kilichofungwa kwenye mfuko, na chupa tupu. Ile atakayoitoa pale kando ya barabara asiitupe mtaroni. Aifunge kwenye mfuko ule ule, na akifika nyumbani aipasue kabla hajamlaumu mtu.